Watoto wameachwa na nani?

Siku ya kliniki katika vijiji vya Turkana Kaskazini, Kenya, Kaaleng ikiwemo, foleni huongozwa na kivuli. Akina mama hukaa pale mti unapotupa kivuli chake, na kivuli kikisogea nao husogea. Mtoto huvalishwa kaptura ya mizani, akaning'inizwa, akalia, uzito wake ukaandikwa kwenye kijitabu cha kliniki. Kisha muuguzi au mhudumu wa afya ya jamii humzungushia utepe mkononi, katikati ya bega na kiwiko. Utepe una rangi tatu. Ukisoma kijani, mama huenda zake. Ukisoma manjano, mtoto hufuatiliwa. Nyekundu, yaani mzunguko wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5, mtoto huandikishwa kwa matibabu ya utapiamlo mkali na kupewa pakiti za lishe ya tiba iliyotengenezwa kwa karanga.

Kwa zaidi ya miaka 50 wapo madaktari na watafiti waliotamani kupata utepe wa namna hiyo wa kuwapima wazazi. Wanataka maswali machache, yaulizwe kliniki ya wajawazito au wodi ya kujifungulia, yaonyeshe mapema mzazi yupi huenda akamvunja mwanawe mfupa, yupi atamfungia ndani, yupi atamtelekeza. Nia yao ni njema, maana mtoto aliyeokolewa kabla ya kipigo cha kwanza ni bora kuliko aliyeokolewa baada ya cha kumi. Lakini je, utepe huo upo? Na ukiwepo, utamfaa nini mama wa Kaaleng?

Habari hii inaanzia kwenye picha za eksirei. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, John Caffey, aliandika kuhusu watoto wachanga waliovunjika mifupa mirefu na kuvuja damu kichwani, wala hakuna aliyeweza kueleza vizuri wameumiaje. Madaktari wa siku hizo waliletewa hadithi ya mtoto aliyeanguka kitandani, wakaiandika kwenye faili kama walivyoisikia. Mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake wa Denver, Colorado, walichapisha makala iliyotamka wazi kwamba watoto wale walikuwa wamepigwa, tena na watu waliowazaa. Haikupita miaka mingi majimbo yote ya Marekani yakawa na sheria za kumtaka daktari aripoti.

Hapo ndipo tamaa ilipokua. Kama ukatili unaweza kutambuliwa baada ya kutokea, kwa nini usitabiriwe? Katika miaka ya 1970 kundi hilo la Denver liliingia hadi chumba cha kujifungulia kumtazama mama anavyompokea mwanawe: anamtazama vipi, anasema nini, anamgusa au anageukia ukutani. Orodha za alama za hatari zikaanza kutungwa: mama ana umri mdogo, hana mume, hakusoma, hana kazi, mimba haikutarajiwa, yeye mwenyewe alipigwa utotoni, familia inahamahama.

Hebu orodha hiyo ipelekwe Turkana kama ilivyo. Takwimu za serikali za mwaka 2015/16 zilionyesha kuwa karibu watu wanane katika kila kumi katika kaunti hii waliishi chini ya mstari wa umaskini. Wengi wa akina mama wa vijijini hawakupata nafasi ya kukaa darasani. Baba huenda yuko kwenye adakar, kundi la wafugaji wanaohama pamoja, mbali kuelekea mpaka wa Ethiopia au Sudan Kusini, na siku ya kurudi kwake inategemea mvua na usalama. Familia inahamahama kwa sababu ndivyo mifugo inavyoishi. Mama kama huyo atawekewa alama karibu kila kisanduku kabla hajafungua kinywa, ilhali anayemsikiliza bado hajajua lolote kuhusu jinsi anavyomlea mwanawe. Dodoso litakuwa limepima ukame.

Na si Turkana pekee. Mwaka 2016 wilaya ya Allegheny, uliko mji wa Pittsburgh nchini Marekani, ilianza kutumia programu ya kompyuta inayozipa alama familia zilizoripotiwa kwa maafisa wa watoto, ikichota habari kutoka kumbukumbu za huduma za umma. Wakosoaji walihoji haraka: ni nani mwenye kumbukumbu nyingi kwenye ofisi za umma kama si maskini? Tajiri anayekunywa pombe hulipia daktari wake binafsi, na kompyuta haimjui.

Kuna tatizo jingine ambalo ni la hesabu tupu. Chukua mfano wa kubuni: kliniki inahudumia familia 1,000, na katika familia 50 kuna mtoto anayeteswa. Ipewe dodoso zuri kuliko mengi yaliyopo, lenye uwezo wa kunasa wanane katika kila kumi, na lenye kumsingizia mmoja tu katika kila kumi wasio na hatia. Litanasa familia 40 zenye tatizo kweli. Litazinyooshea kidole pia familia 95 zisizo na kosa. Maana yake, kati ya wazazi 135 watakaoitwa pembeni, zaidi ya theluthi mbili watakuwa wameitwa bure, huku familia 10 zenye mtoto anayeumia zikiruhusiwa kwenda na tabasamu la muuguzi. Ukatili ukiwa nadra, hata kipimo kizuri kikinyoosha kidole hukosea mara nyingi kuliko kinavyopatia.

Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kuhusu wajibu wa sekta ya afya kwa watoto waliotendewa ukatili, lilishauri kwamba kumpima kila mtu kwa maswali ya jumla kusitumike. Jopo la wataalamu la Marekani linaloshauri kuhusu kinga lilisema mwaka 2018, likarudia mwaka 2024, kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza wala kupinga hatua za kliniki za kuzuia ukatili kwa mtoto asiye na dalili yoyote. Ni msimamo wa watu waliotafuta na wakakosa.

Hata hivyo mtu asije akadhani ukatili wenyewe ni wa kubuni. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2010 uliwauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowapata utotoni. Asilimia 66 ya wasichana na 73 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili. Uliporudiwa mwaka 2019, wasichana walikuwa karibu asilimia 39 na wavulana karibu 52. Kushuka huko ni habari njema, lakini mvulana mmoja katika kila wawili bado ni idadi ya kutisha. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutelekezwa, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaikazia haki hiyo. Chifu anaijua, mwalimu anaijua. Nyumbani fimbo haijasoma gazeti la serikali.

Sasa kuna kosa la upande wa pili, la muuguzi anayeogopa kuhukumu hadi akaacha kuona. Mfano wake mchungu ni wa msichana wa Kiafrika aliyefia London. Victoria Climbié alitoka Ivory Coast akiwa mikononi mwa shangazi wa baba yake, akafariki Februari 2000 akiwa na umri wa miaka minane na majeraha 128 mwilini. Mwaka uliotangulia alikuwa amefikishwa katika hospitali mbili tofauti. Katika moja, alama za mwilini mwake zilielezwa kuwa ni upele. Tume ya Lord Laming, iliyotoa ripoti yake mwaka 2003, ilisikia pia jinsi watu wa huduma za jamii walivyomwona mtoto akisimama kikakamavu mbele ya mlezi wake wakadhani ndiyo heshima ya Kiafrika. Haikuwa heshima. Ilikuwa hofu, na mtoto yeyote wa Lodwar, Turkana, angeitambua.

Muuguzi aliyepelekwa Turkana kutoka kaunti nyingine yuko kati ya makosa hayo mawili kila siku. Anamfunua mtoto tumbo na kukuta chale. Katika jamii nyingi za wafugaji chale huchanjwa kama tiba, mara nyingi na mtu aliyeitwa kwa sababu zahanati iko mbali. Je, huo ni ukatili? Chale zilizopangwa juu ya tumbo lililovimba, na mama anaeleza nani alizichanja na kwa nini, zinahitaji mazungumzo ya kina na dawa ya kidonda. Lakini alama za kuchomwa zenye mpaka ulionyooka mguuni, kama mtu aliyeingizwa kwenye maji moto akashikiliwa humo, hazina mganga wala mila. Mtoto ambaye bado hajatambaa hawezi kujivunja paja mwenyewe. Hadithi inayobadilika kila inapoulizwa ni dalili popote duniani.

Dalili moja ya vitabuni, hata hivyo, haifai kuchukuliwa hivi hivi huku: kuchelewa kufika hospitali. Vitabu vya Ulaya humshuku mzazi aliyekaa siku mbili na mtoto aliyevunjika. Kutoka Kaaleng hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar mtu husubiri gari, na gari husubiri abiria, na laga, mto wa msimu, ikijaa maji wote husubiri. Siku mbili hapa zinaweza kuwa kasi ya mama aliyekimbia.

Mwongozo wa 2019 wa Shirika la Afya Duniani unaelekea upande huu. Badala ya kuwapanga wazazi wote na kuwahoji, mhudumu awe macho kwa mtoto mwenye hali inayoweza kuwa imetokana na ukatili, aulize kwa upole, faraghani, na ajue atafanya nini akisikia jibu. Neno faragha hapo ni zito kuliko linavyoonekana. Muuguzi asiyejua Kiturkana humtegemea mkalimani, na mkalimani mara nyingi ni mtu wa kijiji kile kile, pengine shemeji wa mgonjwa. Swali la siri likipita kwake, kufikia jioni boma zima limelijua. Mama aliyeaibishwa hivyo hatarudi kliniki, na pamoja naye zitapotea chanjo, utepe na pakiti za karanga.

Katika miji ya Uholanzi kuna kisa kinachostahili kusomwa taratibu na wasimamizi wa hospitali za Lodwar na Kakuma. Mwaka 2007, mjini The Hague, wauguzi wa chumba cha dharura walianza kufanya jambo dogo. Walipompokea mtu mzima aliyepigwa na mwenzake, au aliyejaribu kujiua, au aliyeletwa akiwa hajiwezi kwa pombe au dawa za kulevya, walimuuliza kama ana watoto nyumbani. Akisema ndiyo, jina la familia lilipelekwa kwa kituo kinachoshughulikia ukatili wa watoto, nacho kikaialika familia na kuipa msaada. Kabla ya utaratibu huo, hali ya mzazi ilisababisha mtoto aripotiwe takriban mara moja katika kila wagonjwa 100,000 waliofika. Baada yake zikawa 64. Na walipofuatilia, asilimia 91 ya ripoti hizo zilithibitishwa. Mwaka 2013 nchi nzima ikaweka swali hilo kwenye kanuni za wahudumu wake.

Kwa nini swali hili lilifaulu pale madodoso yaliposhindwa? Kwanza, halikuulizwa kwa kila mtu. Liliulizwa kwa mzazi ambaye usiku ule ule jambo kubwa limempata, na ambaye mtoto wake huenda alikuwa chumbani akitazama. Pili, halikumuuliza mtu kama yeye ni mzazi mbaya; nani angekubali? Liliuliza jambo la kweli na la karibu: kuna watoto, na sasa hivi wako wapi.

Kakuma ingelielewa swali hilo kuliko mahali pengine popote. Kambi hiyo ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kutoka Ethiopia bila wazazi. Kambi yenyewe ilizaliwa na watoto wasio na mtu. Humo na katika makazi ya Kalobeyei, mashirika ya ulinzi wa watoto kama Lutheran World Federation yamekuwa yakiwatafutia watoto walio peke yao familia za kuwalea na kuzitembelea. Jesuit Refugee Service imekuwa kwa miaka mingi na nyumba ya hifadhi ya wanawake na watoto wanaokimbia ukatili. Mazoea ya kuuliza mtoto analala kwa nani yapo. Yaliyobaki ni kuyaingiza wodini. Mwanamke anayeletwa usiku na boda boda akiwa amepasuka nyusi, mwanamume aliyezidiwa na chang'aa, mama aliyemeza sumu: kila mmoja hushonwa, hutundikiwa dripu, huandikiwa fomu zake, P3 ya polisi ikiwa kuna kesi. Fomu hizo zinamhusu yeye. Mtoto wa miaka minne aliyebaki nyumbani na mdogo wake mgongoni hayumo kwenye karatasi yoyote.

Kuuliza, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Wilson na Jungner, waliliandikia Shirika la Afya Duniani kanuni za uchunguzi wa magonjwa, na mojawapo inasema usitafute ugonjwa usio na tiba inayokubalika wala mahali pa kuitolea. Utepe wa mkono una thamani kwa sababu nyuma ya nyekundu kuna pakiti. Nyuma ya "ndiyo" ya mzazi kuna nini? Kuna afisa wa watoto mwenye eneo kubwa la kuzunguka na mafuta kidogo ya gari. Kuna mzee wa kijiji, ambaye mara nyingine atataka jambo limalizwe kwa mbuzi. Kambini kuna wafanyakazi wa mashirika ambayo mwaka 2025 yaliona misaada ya kigeni ikikatwa ghafla, huku mgao wa chakula wa wakimbizi ukishuka chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa. Mzazi mwenye njaa anayemwambia muuguzi kwamba jana alimpiga mtoto kwa sababu alilia njaa ameeleza ugonjwa na chanzo chake kwa sentensi moja. Kumjibu kwa hotuba ya malezi bora ni dharau.

Yako mambo yanayosaidia. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Elmira katika jimbo la New York, mtafiti David Olds alianza kuwatuma wauguzi nyumbani kwa wasichana waliobeba mimba ya kwanza, wengi wao maskini na wasioolewa, wakawatembelea hadi mtoto alipofika miaka miwili. Hao ndio ambao orodha za Denver zingewapa alama za hatari. Yeye akawapa mtu wa kuzungumza naye. Matokeo ya miaka 15 baadaye, yaliyochapishwa mwaka 1997, yalionyesha kesi za ukatili na kutelekeza zikiwa karibu nusu ya zile za akina mama wasiotembelewa. Nchini Kenya, tangu Septemba 2023, serikali imewapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000. Watu hao tayari hubisha hodi kwenye boma, huulizia choo, chandarua na chanjo. Kumuuliza mama analalaje usiku na nani humshikia mtoto hakuhitaji mkoba mpya, ingawa kunahitaji mafunzo, na posho inayolipwa kwa wakati.

Mafunzo ya wazazi nayo yamejaribiwa, na matokeo yake yasomwe kwa jicho lililo wazi. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, familia 552 kutoka maeneo 40 ziligawanywa: baadhi zikapata vikao vya malezi vilivyoitwa Sinovuyo Teen, nyingine hazikupata. Miezi kadhaa baadaye wazazi waliohudhuria walisema wamepunguza kipigo. Watoto wao wa miaka ya ujana, walipoulizwa kuhusu kipigo hicho hicho, hawakuonyesha tofauti. Watafiti waliyachapisha yote mawili mwaka 2018, na wanastahili heshima kwa hilo. Kwa wanaotaka kuwapima wazazi kwa kuwauliza wazazi, hapo kuna onyo la kutosha: upande mmoja wa nyumba hautoi hesabu ya nyumba nzima. Mtoto aliyefikia umri wa kusema aulizwe pia, peke yake.

Kwa hiyo hospitali zihudumiazo Turkana hazina haja ya kuagiza dodoso la kuwabagua wazazi. Zinaweza kuanza na mstari mmoja kwenye rejista ya dharura, ujazwe kwa kila mtu mzima anayeletwa kwa kipigo, pombe au jaribio la kujiua: ana watoto, wana umri gani, usiku huu wako na nani. Serikali ya kaunti iweke pembeni mafuta ya gari la afisa wa watoto kabla mstari huo haujachapishwa, ili jibu lisiishie kwenye karatasi. Na msomaji aliye jirani na mtoto anayeumia hana haja ya kusubiri rejista yoyote. Namba ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto kote Kenya ni 116. Simu haitozwi pesa na hupokelewa usiku na mchana.